Uzi: Asiyeona anawezaje kuwekeza kwa simu bila kumkabidhi mtu mwingine namba yake ya siri?

MWANZISHA UZI (Mtwara Mjini)

Ndugu zangu, hasa wasioona na wenye uoni hafifu wa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, naomba tulijadili jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara Mjini. Sioni kabisa tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Natumia visoma skrini, yaani programu zinazonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini: kwenye simu ni TalkBack na kwenye kompyuta ni NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia. Kuandika barua, kutuma fedha, kusoma magazeti, hayo yote nayafanya mwenyewe. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kuwekeza.

Nalileta jambo hili sasa kwa sababu msimu wa korosho unakaribia. Ninyi mnajua namna fedha za mnada zinavyoingia kwenye akaunti za wakulima kati ya Oktoba na Januari, na namna zinavyokuwa zimekwisha ifikapo Juni, wakati wa kununua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Wakulima wasioona ninaowafahamu ni wengi, na kila mmoja ana la kueleza kuhusu fedha iliyoyeyuka nyumbani. Mwenye macho anaambiwa aweke fedha yake kwenye mfuko wa uwekezaji kwa simu, mara moja, akiwa kitandani kwake. Asiyeona akiambiwa hivyo hivyo anakutana na haya nitakayoyasimulia.

Mwaka 2023 nilipakua programu ya kampuni moja ya uwekezaji, ambayo sitaitaja. Jina na namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, niliziandika mwenyewe bila taabu. Baada ya hapo programu ikataka picha ya uso wangu. Maelekezo ya kusogeza uso ulingane na duara yalikuwa yameandikwa ndani ya picha, kwa hiyo TalkBack haikuyasoma, na simu haikutoa mlio wala mtetemo wa kunionyesha kwamba nimekaribia au nimepotea. Nilihangaika kwa muda mrefu barazani, nikiinua simu na kuishusha, hadi nikamwita kijana wa jirani. Hilo nililikubali, kwani picha ni picha. Lakini hatua iliyofuata ilikuwa kuweka namba ya siri, na kibodi yao wenyewe ilikuwa inachanganya tarakimu kila inapofunguka, kisha hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa na jina. Nilipotelezesha kidole nilisikia: kitufe, kitufe, kitufe, mara kumi. Kijana yule ndiye aliyeniingizia namba ya siri. Ni mtoto mwaminifu na sina shaka naye hadi leo, lakini akaunti yangu ilizaliwa ikiwa na mtu wa pili anayejua ufunguo wake.

Miezi kadhaa baadaye nilitaka kutoa shilingi 300,000 ili nimlipe fundi wa bati. Kwenye ukurasa wa akaunti kulikuwa na vitufe viwili visivyo na majina, kimoja cha kununua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko wa uwekezaji, na kingine cha kuviuza ili fedha irudi kwangu. Nilikuwa nimekwisha kukariri kwamba cha kwanza ni kununua na cha pili ni kuuza. Nisichokijua ni kwamba programu ilikuwa imesasishwa usiku wake na mpangilio umebadilika. Niligonga mara mbili, nikathibitisha, nikasikia ujumbe wa simu ukiingia, nikafurahi. Ulipomaliza kusomwa nikajua kwamba fedha yangu nyingine 300,000 imetoka kwenye mtandao wa simu na kuingia kwenye mfuko. Fundi alikuwa amekaa mbele yangu akisubiri.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu mmoja, na huo ndio ninaotaka tuuchambue hapa: kabla ya kuweka fedha ya maana mahali popote, ninaweka kiasi cha chini kabisa kinachoruhusiwa, kisha ninajaribu kukitoa peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Nikifaulu kuingia, kununua, kusoma salio na kutoa bila kumwita mtu, programu hiyo kwangu imefaulu. Nikikwama katika hatua moja tu, hata kama nyingine zote zinazungumza vizuri, imeshindwa. Watu wengi hupima programu kwa kuuliza kama inasomeka. Nyingi zinasomeka kurasa za mbele, zile za matangazo na picha za watu wanaocheka. Pa kupimia ni pale fedha inapotoka.

Kuhusu mahali pa kuwekeza ndani ya nchi, nieleze kwa kifupi ili wageni wa mambo haya tuende nao pamoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na sasa lina programu ya simu iitwayo Hisa Kiganjani. Ukitaka hisa unahitaji akaunti ya kuhifadhia hisa, ambayo wenyewe huiita CDS, na zamani ilikuwa lazima umfikie dalali ana kwa ana. UTT AMIS, kampuni ya umma ya uwekezaji, wanaendesha mifuko ya pamoja, ambamo fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja: Umoja tangu mwaka 2005, Ukwasi tangu 2013, Hatifungani tangu 2019, na mingine. Kwa mkulima anayetaka fedha yake ya Desemba imsubiri hadi salfa, mfuko wa aina ya Ukwasi unamfaa kuliko hisa, kwa sababu bei ya hisa inaweza kuwa imeshuka siku ile ile anayoihitaji fedha. Halafu kuna hatifungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali nayo inakulipa riba, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, ambazo huanzia shilingi 1,000,000 na huchukua kati ya miaka miwili na 25.

Sitasema hapa kwamba programu fulani inafaa na fulani haifai, kwa kuwa yaliyonipata yamenifundisha kwamba sasisho la usiku mmoja linaweza kuharibu kilichokuwa kizuri au kutengeneza kilichokuwa kibovu, na simu yako si simu yangu. Ninachoomba ni kila mmoja aeleze amekwama wapi na amepitaje.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Masasi)

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho, nilipoteza uoni nikiwa mtu mzima kwa ugonjwa wa presha ya macho, kwa hiyo vidole vyangu bado vinajifunza. Programu za kupakua zilinishinda mapema, nikakimbilia menyu ya nyota na reli, ile ya kupiga namba kama unapotuma fedha kwa simu. Menyu ni maandishi matupu, hakuna picha wala duara, na TalkBack inaisoma yote. Mwanzoni nilimshukuru Mungu, lakini nimekutana na mambo mawili. Kwanza, ninaposikiliza orodha ndefu hadi mwisho, ninapoanza kuandika jibu, huduma inakatika na kuniambia nianze upya. Pili, siku moja nilikuwa ndani ya daladala ya kwenda Ndanda, nikaandika namba ya siri, na simu ikaitamka kwa sauti tarakimu moja moja. Abiria wote walisikia. Niliibadilisha jioni ile ile, lakini tangu hapo nina woga.

MWANZISHA UZI

Marahaba mama, na pole sana kwa tukio la daladala. Sababu yake ni kwamba kisanduku cha menyu ya nyota na reli katika simu nyingi hakijui kwamba unachoandika ni siri. Kwenye programu ya kawaida, sehemu ya neno la siri imewekewa alama maalumu, na TalkBack huweza kusema "nukta" badala ya tarakimu. Kwenye menyu, namba ya siri na kiasi cha fedha ni kitu kimoja kwa simu, maandishi tu, na mwenye macho aliye karibu nawe anaiona pia. Kwa hiyo hedifoni ni lazima, tena sikio moja tu, ili sikio la pili libaki kukulinda na mazingira. Tena zingatia hili: ziwe za waya kama inawezekana, maana zisizo na waya zikikata katikati, sauti inarudi kwenye spika bila kukuuliza.

Kuhusu kukatika, usisubiri orodha iishe. Siku ya utulivu, bila fedha yoyote, ingia kwenye menyu mara kadhaa, sikiliza, na uandike pembeni au umwambie mtu akuandikie mpangilio wa namba: kutazama salio ni ngapi, kununua ni ngapi, kuuza ni ngapi. Mpangilio wa menyu hauna siri yoyote, hivyo hapo msaada wa mtoto hauna madhara. Siku ya kazi yenyewe, sikiliza maneno mawili matatu ya mwanzo ili uhakikishe uko ukurasa sahihi, kisha gonga kisanduku na uandike. Ongeza pia kasi ya sauti kidogo kidogo kila wiki. Mimi nilianza na kasi ya mtu anayesoma hadithi, na leo nasikiliza kasi ambayo wanafunzi wangu wakiisikia hawashiki hata neno moja.

Na kabla hujathibitisha, subiri ukurasa wa mwisho usomwe wote, hata kama unajua umebonyeza nini. Hapo ndipo mimi nilipoponzwa.

MCHANGIAJI WA PILI (Lindi Mjini)

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa heshima, lakini naomba niulize kwa nia njema. Una watoto, una mke, una ndugu. Wazazi wetu wasiojua kusoma na kuandika wanasaidiwa na watoto wao siku zote na hawalalamiki. Kwa nini jambo hili la fedha liwe zito kiasi hiki? Je, si afadhali umchague mmoja unayemwamini, mambo yaishe?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalichukulia vibaya. Msaada nauchukua kila siku: wa kuvuka barabara ya Bima, wa kuchagua nyanya sokoni, wa kusomewa barua iliyoandikwa kwa mkono. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayekusomea na mtu anayekaa kati yako na mali yako. Anayekusomea barua akikosea, utamwomba mwingine akusomee tena. Mwenye namba yako ya siri akikosea, au akibanwa na shida ya usiku mmoja, fedha imeondoka, na kumbukumbu za kampuni zitaonyesha kwamba wewe ndiye uliyetoa. Nimeyaona haya katika familia zenye upendo. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu aliibiwa akiba ya misimu mitatu na mtu aliyekuwa akimwogesha, na hadi leo wanakaa nyumba moja kwa sababu hakuna wa kuchukua nafasi yake. Uzito wa jambo ndio huo.

Na sheria iko upande wetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ibara ya 12 ya mkataba huo inataja waziwazi haki ya mtu mwenye ulemavu kumiliki mali na kusimamia mwenyewe mambo yake ya fedha, na ibara ya 9 inazungumzia kufikika kwa habari na mawasiliano, pamoja na teknolojia yake. Waliouandika mkataba huo walijua kwamba mtu hawezi kuwa huru wakati mkoba wake uko mikononi mwa mwingine, hata kama huyo mwingine ni mwanawe.

MCHANGIAJI WA TATU (Lindi, mtengenezaji wa programu za simu)

Naomba nichangie kutoka upande wa pili wa kioo. Mimi ninaona, na natengeneza programu kwa ajira. Nimesoma kisa cha kibodi inayochanganya tarakimu nikaona aibu, kwa kuwa nimewahi kutengeneza kibodi kama hiyo. Tulielekezwa hivyo kwa ajili ya usalama: kuna programu za wezi zinazojifanya huduma za ufikivu, yaani zana za kuwasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu, ili zisome skrini ya mteja na kumbonyezea vitufe. Wapo watengenezaji wenzangu wanaokwenda mbali zaidi: programu yao ikigundua tu kwamba simu imewasha huduma ya ufikivu, inajifunga na kumfukuza mteja. Wezi wanafungiwa, na asiyeona anafungiwa pamoja nao.

Lakini leo udhuru huo umepungua nguvu. Tangu Android 14, toleo la mfumo wa simu lililotoka mwaka 2023, mtengenezaji anaweza kuweka alama kwenye sehemu nyeti za ukurasa ili zisomwe tu na huduma zilizojitambulisha kama zana halisi za watu wenye ulemavu, TalkBack ikiwemo, na huduma nyingine zisizione. Na kuhusu vitufe visivyo na majina, nikiri kwamba kumpa kitufe jina ni mstari mmoja wa maandishi. Haugharimu chochote. Hatuuandiki kwa sababu hakuna anayetuuliza.

Mwalimu, ukipewa nafasi ya kukaa na timu yangu kwa saa moja, ungetuambia turekebishe nini kwanza?

MWANZISHA UZI

Mdogo wangu, umenipa faraja kubwa, kwani hii ni mara ya kwanza namsikia mtu wa fani yako akiuliza swali hilo.

Ningeanza na majina ya vitufe, kwa lugha ya ukurasa wenyewe. Hapa kuna jambo dogo ambalo mwenye macho hawezi kulihisi. Ukiandika "Uza" lakini programu ikajitangaza kwamba ni ya Kiingereza, sauti ya simu inasoma kwa matamshi ya Kiingereza, nami nasikia "yuza", na "Tuma" inakuwa "tyuma". Ukurasa mzima unageuka mafumbo. Sauti ya Kiswahili ipo, hata kwenye eSpeak NG, programu ya bure ya kutamka maandishi, lakini inahitaji kuambiwa kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili.

Baada ya hapo ni rangi. Bei ya hisa ikipanda mnaiweka kijani, ikishuka nyekundu, na namba yenyewe mnaiacha bila alama. Mimi nasikia "CRDB, asilimia mbili" na sijui kama nishangilie au nihuzunike. Andikeni neno "imepanda" au "imeshuka", hata kama halionekani kwenye skrini bali linasomwa tu. Grafu nazo kwangu ni picha bubu. Wekeni chini yake jedwali la tarehe na bei, lenye vichwa vya safu vilivyotambulishwa kama vichwa. Kwenye kompyuta nikiwa na NVDA nabonyeza herufi T, naangukia kwenye jedwali, kisha natembea kwa mishale nikisikia tarehe na bei pamoja, na kwa dakika tano ninaweza kukueleza mwenendo wa mwezi mzima kama mtu aliyeitazama grafu yenu. Pia bei zinazojisasisha kila baada ya sekunde chache zisinirushe juu ya ukurasa. Kuna programu ambayo nilikuwa nikifika katikati ya orodha, bei moja inabadilika, na kidole changu kinahesabiwa kuwa kimerudi mwanzo. Nilikata tamaa siku hiyo hiyo.

Taarifa za akaunti ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa kuwa ni haki ya msingi ya mwekezaji. Nimewahi kutumiwa taarifa ya nusu mwaka ambayo ilikuwa karatasi iliyopigwa picha na kuwekwa ndani ya faili la PDF. Kisoma skrini kikasema ukurasa mtupu. NVDA ina namna ya kutambua maandishi kwenye picha, kwa kubonyeza Insert na R pamoja, nami niliitumia, lakini kwenye hesabu za fedha utambuzi wa picha hauaminiki: tarakimu 8 inasomwa 3, na mkato wa maelfu unageuka nukta. Tumeni faili lenye maandishi halisi.

Hayo yote, mdogo wangu, yamo katika mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti uitwao WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Humo mtakuta pia sharti la kwamba kuingia kwenye akaunti kusitegemee mtihani wa kukariri au kufumbua fumbo pasipo njia mbadala, na kwamba muda ukiwa na kikomo mtumiaji apewe nafasi ya kuuongeza. Ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe na kuisha muda kabla sijatoka kwenye programu moja kwenda nyingine na kurudi, inaguswa na sharti hilo la muda.

MCHANGIAJI WA NNE (Nachingwea)

Mimi nina uoni hafifu na nilitaka hatifungani. Nilikwenda kwenye tawi la benki moja, sitaitaja, nikaambiwa kwa kuwa siwezi kuweka saini inayolingana mara zote, nije na shahidi atakayesaini pamoja nami kila ninapofanya muamala. Mtandaoni nikaambiwa hatua ya kwanza ni kujaza fomu ya karatasi. Nimerudi na fedha yangu nyumbani.

MWANZISHA UZI

Pole sana. Dole gumba linakubalika mahali pengi pale saini inapokuwa tatizo, na shahidi wa kufungua akaunti mara moja si sawa na shahidi wa kila muamala. Rudi, uombe kuzungumza na meneja wa tawi, omba utaratibu huo wakuoneshe kwa maandishi, na uombe fomu itumwe kwa barua pepe kama faili linalojazika ili usomewe na simu yako kabla hujasaini. Nimeona mara nyingi kwamba sharti lililotamkwa dirishani halipo kwenye karatasi yoyote. Na kumbuka hatifungani si ya kutolewa wakati wowote kama vipande. Ukihitaji fedha kabla ya muda itabidi uiuze sokoni kwa bei ya siku hiyo.

MCHANGIAJI WA TANO (Mikindani)

Nasikia programu za Marekani zinasomeka vizuri sana na visoma skrini. Kwa nini tusijiunge huko? Kuna kundi moja la WhatsApp linatufundisha kwa sauti, hakuna hata kusoma.

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu wa Mikindani, naomba usome jibu hili taratibu.

Ni kweli kwamba wenzetu wametangulia. Mwaka 2012 kampuni ya Charles Schwab ya Marekani ilikubaliana na mteja wake asiyeona kuifanya tovuti yake ifuate mwongozo ule niliomtajia mdogo wetu wa Lindi, tena kwa mazungumzo bila kesi. Ulaya nako, tangu tarehe 28 Juni 2025, huduma za kibenki kwa walaji, pamoja na baadhi ya huduma za uwekezaji, zinabanwa na sheria yao ya ufikivu. Programu zao hazikuwa nzuri kwa bahati. Walidai, wakakaa mezani, wakaandikiana. Kujiunga nazo ukiwa hapa ni jambo lenye masharti yake ya kampuni na ya fedha za kigeni, na nakushauri umwone dalali mwenye leseni kabla ya kutuma hata senti.

Lakini lililonitisha ni hilo kundi. Tafakari: matapeli wa uwekezaji hawana kibodi isiyo na majina. Wanakutumia sauti, wanakupigia, wanakuita kaka na dada, na namba ya kutumia fedha wanaitamka mara tatu. Kwetu sisi wasioona, utapeli ndio unaofikika kwa urahisi kuliko huduma halali, na kila kitufe kisicho na jina kwenye programu yenye leseni kinamsukuma mmoja wetu kuelekea kwao. Kampuni inayopokea fedha za uwekezaji wa dhamana, kama hisa na hatifungani, na wa mifuko hapa nchini lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyopo kisheria tangu mwaka 1994. Waulize wenye kundi jina kamili la kampuni, kisha uwapigie mamlaka wenyewe uulize kama jina hilo lina leseni. Wakikupa jina la mtu badala ya kampuni, au wakikuahidi faida isiyobadilika kila wiki, toka humo leo.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Masasi)

Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Niliweka kiasi cha chini, nikafunga mlango, nikajaribu kutoa. Kuingia nilifaulu, kununua nilifaulu, salio nimelisikia. Kwenye kutoa nimekwama: kitufe cha mwisho hakina jina, na sitaki kubahatisha. Nimewapigia simu, kijana akaniambia nimwombe mtu aliye karibu anibonyezee. Nifanyeje? Na kama ni kuwaandikia, niandike nini, maana sijawahi kuandika barua ya namna hiyo.

MWANZISHA UZI

Umefanya vyema kutobahatisha. Kwa leo, weka kidole kwenye kitufe hicho, fungua menyu ya TalkBack, utafute sehemu ya kuongeza lebo. Ikikubali, mwombe mtu akuambie tu kitufe kimeandikwa nini, uandike jina hilo, na simu yako italikumbuka. Huyo mtu hatajua namba yako ya siri. Lebo hiyo inaweza kupotea programu ikisasishwa, basi uiamini pale tu unapoisikia.

Na barua iwe hivi, uibadilishe upendavyo, uitume kwa barua pepe ili ibaki na tarehe:

"Mimi ni mteja wenu, sioni, natumia kisoma skrini cha TalkBack kwenye simu ya Android. Tarehe (itaje) nilijaribu kuuza vipande vyangu kupitia programu yenu, toleo namba (litaje). Kwenye ukurasa wa kuthibitisha, kitufe cha mwisho hakina jina, kwa hiyo siwezi kujua kama ninathibitisha au ninaghairi. Nilipopiga simu nilishauriwa nimwombe mtu mwingine anibonyezee, jambo ambalo linapingana na masharti yenu wenyewe ya kutomshirikisha mtu yeyote kwenye akaunti. Naomba kitufe hicho kipewe jina, na naomba nijulishwe kwa maandishi ni katika toleo lipi marekebisho hayo yatakuwemo. Wakati huo naomba nipatiwe njia nyingine ya kutoa fedha zangu mimi mwenyewe. Niko tayari kuwajaribia toleo jipya kabla halijatolewa kwa wateja."

Namba ya toleo utaipata kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chini kabisa ya ukurasa. Wakijibu, bandika jibu lao hapa, lakini ondoa kwanza jina lako na namba ya akaunti.